Tunda Geni Ugenini: Lipi Nile, Lini, na Sehemu Gani?

SWALI: Oktoba iliyopita nilikuwa Seoul kikazi. Sokoni nikaona tunda la rangi ya chungwa, linang'aa, limechongoka kidogo upande wa chini. Nikalinunua na kuling'ata palepale. Kinywa kizima kilikauka, ulimi ukawa mzito, nikalitema. Wenzangu wakasema huenda lilikuwa na sumu, na kwamba ugenini mtu hali tunda asilolijua. Mwaka huu nitakwenda Malaysia na Indonesia, kisha Brazil, na mama yangu tutafuatana. Yeye anatumia dawa za shinikizo la damu na za lehemu, na daktari alishatuambia kuwa figo zake zimepungua nguvu. Sitaki nirudi nikiwa nimeyatazama tu matunda ya watu. Nitajuaje la kula na la kuacha?

JIBU: Ndugu msomaji, tunda ulilolitema halikuwa na sumu. Kwa jinsi ulivyolieleza, na kwa msimu na mji ulioutaja, hilo ni kaki, ambalo Wakorea huliita gam. Yapo ya namna mbili. Moja ni bapa, nalo huliwa likiwa gumu. Wakorea huliita dan-gam, yaani gam tamu. La pili ni hilo lililochongoka, na lina tanini nyingi ambazo, tunda likiwa bado gumu, huyeyuka kwenye mate na kushikamana na protini zake. Mate yakishapoteza utelezi, kinywa hubaki na ukakasi ule ulioupata. Rangi haikuweza kukusaidia, kwa kuwa kaki hupata rangi nzuri mapema, tanini zikiwa bado hazijatulia. Wenyeji hulivumbika mpaka lilainike kabisa, nyama yake iwe laini ya kuchotwa kwa kijiko, na hapo huitwa hongsi. Au hulimenya likiwa gumu na kulitundika mpaka likauke, likawa gotgam. Wajapani hulifungia kwenye hewa ya kabonidioksidi au kwenye mvuke wa pombe kali, na baada ya siku chache ukakasi umekwisha ilhali tunda bado ni gumu. Ukirudi Seoul, tafuta hongsi. Utaona lilikuwa tunda zuri, ila ulilila kabla ya wakati wake.

Nimeanza na kaki kwa sababu ndani yake mna karibu jibu zima la swali lako. Tukikutana na tunda geni, wengi wetu huuliza jina, tukidhani tukishalijua jina tumemaliza. Jina lina faida zake, lakini halikukingi na kitu. Yanayokukinga ni maswali mawili: tunda hili huliwa likiwa katika hali gani, na ni sehemu gani yake inayoliwa? Katika kazi yangu ya matunda, visa vingi vya watu kudhurika ninavyovisoma huangukia kwenye moja ya hayo mawili. Tunda lilikuwa la chakula kweli, ila lililiwa bichi, au ililiwa sehemu isiyoliwa.

Sababu iko kwa mti wenyewe. Mti hauwezi kutembea, na nyama tamu ya tunda ni ujira anaolipwa mnyama ili abebe mbegu aipeleke mbali. Mbegu ikiwa haijakomaa, mti hautaki mtu aguse, kwa hiyo huweka ukakasi, uchachu mkali, utomvu unaonata, na wakati mwingine sumu hasa. Mbegu yenyewe huendelea kulindwa hata tunda likishaiva, maana mnyama akiitafuna, ujira umelipwa na kazi haikufanyika. Ndiyo maana nyama ya tunda lililoiva barabara, la aina inayouzwa sokoni, kwa kawaida ni salama. Tunda bichi lisilojulikana ni la kushuku, na kokwa ni ya kutemwa mpaka uambiwe vinginevyo na mtu anayeijua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni aki, tunda la taifa la Jamaika. Asili yake ni Afrika Magharibi, na jina lake la kisayansi, Blighia sapida, limetokana na nahodha William Bligh aliyepeleka mimea yake Uingereza mwaka 1793. Aki likiwa limefunga lina haipoglisini, kemikali inayozuia mwili kuchoma mafuta na kulifanya ini lishindwe kutengeneza sukari. Sukari ya damu hushuka ghafla, mtu hutapika, hupoteza fahamu, na wengine wamekufa. Wajamaika hawalichumi mpaka lipasuke lenyewe mtini na mbegu zake nyeusi zionekane. Hapo hutolewa nyama ya rangi ya malai peke yake, utando mwekundu unaoshika mbegu huondolewa, mbegu hutupwa, na nyama huchemshwa. Tunda ni hilohilo moja: likiwa limefunga linaua, likipasuka ni kitoweo kinachopikwa na samaki wa chumvi asubuhi.

Lichi nalo lina jambo la kufanana na hilo, ingawa wengi hawalijui. Huko Muzaffarpur, katika jimbo la Bihar nchini India, kila msimu wa lichi watoto walikuwa wakiugua usiku na kupata degedege alfajiri, na wengi wakafa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha ugonjwa huo na haipoglisini na kemikali nyingine ya jamii yake iliyomo kwenye lichi, hasa mbichi, zilizoliwa kwa wingi na watoto wadogo waliolala bila chakula cha jioni. Mtu mzima aliyeshiba hana haja ya kuogopa bakuli la lichi zilizoiva. Ila mtoto asishinde akila lichi halafu alale na njaa. Hili nalitilia mkazo kwa yeyote anayesafiri na watoto.

Jamii ya stafeli na topetope, pamoja na ndugu yao cherimoya wa milima ya Andes, zina nyama tamu sana, lakini mbegu zao zina sumu na hazitafunwi wala kusagwa kwenye juisi. Ukienda Amerika ya Kusini utakutana na aina nyingi za jamii hii. Mwombe anayekutengenezea juisi atoe mbegu kabla ya kuwasha mashine.

Kanuni ya ujira ina mpaka wake, na mpaka huo unahatarisha maisha. Mti haukukufikiria wewe. Ulifikiria mnyama wake. Kwenye fukwe za Karibea, Florida na Amerika ya Kati unaota mti uitwao manchineel, wenye matunda ya kijani kibichi yanayofanana na tofaa dogo na kunukia vizuri. Mwaka 1999 daktari Mwingereza aliyekuwa mapumzikoni Tobago aliokota moja ufukweni, akalionja yeye na rafiki yake. Lilianza tamu, kisha koo likawaka moto na kubana kwa saa nyingi kiasi cha kushindwa kumeza. Walipona, naye akakiandika kisa chao katika jarida la kitabibu la nchini mwake ili wengine waonywe. Utomvu wa mti huo hutoa malengelenge, na hata kujikinga mvua chini yake huunguza ngozi. Kwa hiyo usiseme nimeona ndege anakula, basi na mimi nile. Tunda la porini au la ufukweni ambalo hakuna mwenyeji anayelila, liache lilipo, hata kama lanukia peponi. Ninayoyasema kuanzia hapa yanahusu matunda yanayouzwa na watu wanaoyala wenyewe.

Sasa ukifika sokoni, kabla ya kuuliza chochote, tazama kilichotupwa. Chini ya meza ya muuzaji wa matunda kuna ndoo au lundo, na humo mna jibu la swali la sehemu: maganda haya, kokwa hizi, utando ule. Kisichokuwemo kwenye lundo ndicho kinacholiwa. Kisha nunua moja tu, mpe muuzaji, na kwa ishara ya mkono mwombe akufungulie. Mtazame anashika wapi, anakata au anapasua kwa vidole, anatupa nini, na kama anaonja kwanza yeye. Sijapata kuona njia iliyo bora kuliko hiyo katika nchi yoyote, na haihitaji lugha. Wauzaji hufurahi sana mgeni akiuliza. Huzuni yao ni kumwona mtu analing'ata tunda na ganda lake kisha anakunja uso.

Kuhusu hali ya kuiva, kuna tofauti inayofaa uijue kabla hujafungua pochi. Yako matunda ambayo, yakishapevuka, huendelea kuiva hata baada ya kuchumwa: stafeli, cherimoya, doriani, kaki, embe. Hayo unaweza kuyanunua magumu, ukayaweka kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, na gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi itayaharakisha. Mengine yakishakatwa mtini hayazidi utamu hata kidogo: shokishoki, lichi, jabutikaba, tunda la mpungate, na jamii yote ya michungwa. Shokishoki lililochumwa chachu litabaki chachu mpaka lioze. Kwa kundi hili la pili, onja kwanza, nunua baadaye.

Harufu ni kipimo cha kutegemewa kuliko rangi. Nusa pale penye kikonyo. Tunda la kundi la kwanza likiwa tayari, hapo ndipo hunukia kwanza.

Usafi nao usiuache nyuma, kwa maana wasafiri wengi wanaoharisha baada ya kula matunda hawakudhuriwa na tunda, bali na kisu, maji na mikono. Nunua zima, lioshe kwa maji salama kabla ya kulikata ili kisu kisiingize uchafu wa ganda ndani ya nyama, kisha limenye mwenyewe. Vipande vilivyokaa kwenye kioo tangu asubuhi, viache. Tunda lenye alama za meno, au lililotobolewa mtini, litupe bila huruma hasa Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki. Popo wala matunda wa huko hubeba virusi vya Nipah, na nchini Bangladesh watu wameambukizwa kwa kunywa utomvu mbichi wa mtende ambao popo waliuchafua usiku.

Tuje kwenye safari yako. Malaysia utakutana na doriani, na usiruhusu mtu akutishe nalo. Harufu yake kali inatokana na kemikali zenye salfa. Wanasayansi wa Singapore waliochapisha ramani ya jeni za doriani mwaka 2017 walikuta jeni za kutengeneza kemikali hizo zimeongezeka idadi kuliko kwa mimea ya jamii yake, na zinafanya kazi kwa nguvu tunda linapoiva. Maua ya doriani huchavushwa na popo usiku, na tunda lenyewe likiwa msituni huliwa na wanyama wakubwa wanaolifuata kwa kunusa kutoka mbali. Harufu ile ni wito. Hoteli nyingi hulipiga marufuku, na kwenye treni za Singapore utaona tangazo lake, kwa hiyo desturi ni kulila hapohapo kibandani.

Malaysia na Thailand haziafikiani kuhusu wakati wa doriani, na kila upande una haki yake. Wamalaysia husubiri lidondoke lenyewe usiku, hufunga nyavu chini ya miti, na huliuza siku ileile. Nyama yake ni laini mno, harufu imekomaa, na mara nyingine pana uchungu mdogo ambao wapenzi wa doriani huutafuta. Wathailand hulikata likiwa limepevuka lakini halijaiva, huligonga kwa fimbo ili wasikie mlio wake, na wengi hulipenda likiwa na ugumu kiasi. Kama ni mara yako ya kwanza na harufu inakushinda, anza na la Kithailand. Kama umekuja kulijua doriani hasa, kula la kudondoka, Juni hadi Agosti, ukiwa umekaa karibu na muuzaji. Akupasulie mshono, uone nyama, uiguse kidogo. Ikiwa ya majimaji na imeanza kuchacha, mwombe jingine. Kokwa zake hazitafunwi mbichi. Na usichanganye na pombe: watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani walionyesha mwaka 2009, katika majaribio ya maabara, kwamba doriani huzuia kimeng'enya kinachosaidia mwili kuondoa sumu ya pombe.

Mangostini huja msimu mmoja na doriani, na kwa maoni yangu hakuna tunda linalolishinda kwa ulinganifu wa utamu na uchachu. Shika lile ambalo ganda lake zambarau linabonyea kidogo. Likiwa gumu kama mbao, limeshakaa sana na halitafunguka. Geuza chini uone alama ngumu iliyo kama ua dogo lililokauka: idadi ya ncha zake ni idadi ya vipande vyeupe vilivyomo ndani, kwa hiyo chagua lenye nyingi, maana vipande vingi huwa vidogo na kokwa zake ndogo. Libonyeze kwa viganja mpaka ganda lipasuke. Ukiona utomvu wa njano umeingia kwenye nyama, kipande hicho ni kichungu. Maji ya ganda hayatoki kwenye nguo, na hilo ndilo linalozifanya baadhi ya hoteli zilikatae pia.

Indonesia wana salak, lenye ganda la magamba kama ya nyoka. Libane ncha, ganda livunjike, uvute; ndani mna vipande vitatu hivi vinavyokatika kwa mlio kati ya meno. Salak bichi lina ukakasi kama wa kaki lako, hivyo uliza pondoh, aina ya maeneo ya Yogyakarta ambayo ni tamu hata ikiwa changa. Langsat na duku ni vitunda vya rangi ya udongo mwepesi vinavyokaa kwenye vishada. Vibonyeze vifunguke, lakini kumbuka kokwa ni kijani na chungu sana, na ganda la langsat lina utomvu unaonata vidoleni. Duku lina ganda nene na utomvu mdogo. Shokishoki zenye nywele mbichi ni za leo, nyeusi zilizonyauka ni za siku kadhaa.

Na liko moja ambalo hutalila sokoni, ila nalitaja kwa sababu linaonyesha ujuzi wa wenyeji: keluak, tunda la mti wa Pangium edule. Lina sianidi, na mbegu zake mbichi huua. Watu wa visiwa vile huzichemsha, kisha huzifukia kwenye majivu kwa takriban siku 40, sumu ikatoka, na kinachobaki ni kiungo cheusi cha mchuzi uitwao rawon. Ukila rawon kwenye mgahawa, uko salama. Ukiokota keluak msituni, hauko salama.

Brazil itakushangaza zaidi. Jabutikaba hukaa kwenye shina lenyewe la mti, nyeusi, zimejipanga kwenye gome toka chini mpaka juu. Zibane kwa meno, unyonye nyama, uteme ganda lenye ukakasi. Lakini uzile siku uliyozinunua, kwa sababu ndani ya siku tatu nne huanza kuchacha. Ndiyo sababu hazijulikani sana mbali na huko zinakoota. Bibo za huko ni nyingi na juisi yake ni nzuri, ila korosho mbichi iliyoning'inia nje ya bibo usiing'ate hata kwa mchezo: ganda lake lina mafuta yanayounguza midomo. Cupuaçu wa Amazonia ni ndugu wa kakao. Huliwa ile nyama nyeupe iliyozunguka mbegu, nayo ina harufu ambayo sina neno la kuifananishia.

Halafu kuna pequi, tunda la nyika za Cerrado, linalopikwa na wali au kuku katika majimbo ya Goiás na Minas Gerais. Ukiletewa, utaona kokwa za manjano zenye nyama nyembamba juu yake. Usiing'ate. Chini ya ile nyama kumefichika miiba myembamba mingi mno, nayo hujichoma ulimini na kwenye ufizi hata daktari akahangaika kuing'oa. Shika kwa vidole, ukwangue nyama polepole kwa meno ya mbele, na rangi ya manjano ikianza kufifia, acha hapo. Wenyeji humwonya kila mgeni, na wana haki.

Açaí ningekuomba uile kwa sharti moja. Huko Pará, asili yake hasa, hunywewa mbichi ikiwa nzito, na sokoni Ver-o-Peso mjini Belém utaona makapu yake yakishushwa kutoka kwenye mashua alfajiri. Tatizo ni mdudu anayebeba kimelea cha ugonjwa wa Chagas. Husagwa pamoja na tunda, au kinyesi chake huchanganyika nalo, na milipuko ya ugonjwa huo imetokea hivyo katika jimbo hilo. Kugandisha peke yake hakumalizi kimelea hicho. Tafuta muuzaji anayetumbukiza tunda kwenye maji moto kabla ya kusaga, au nunua iliyopitishwa kwenye joto kiwandani.

Sasa mama. Hapa nakuomba usinisome haraka.

Tunda la nyota, lenye kingo tano, ambalo Wamalaysia huliita belimbing na Wabrazil carambola, asile kabisa, wala juisi yake. Figo zenye nguvu huondoa vitu viwili vilivyomo: oksaleti, na karamboksini, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo waliitambua mwaka 2013. Figo dhaifu huziacha zikusanyike. Karamboksini hufika kwenye ubongo. Dalili huanza na kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, degedege, na vifo vimetokea. Kiasi kidogo kimewadhuru watu wenye figo mbovu. Birimbi, ambalo ni ndugu yake na lina oksaleti nyingi, alihesabu hukohuko. Vinywaji mchanganyiko vya matunda aviepuke kama hajui vilivyomo. Akipata kwikwi ya ajabu baada ya kunywa juisi, msisubiri asubuhi; nendeni hospitali na mtaje tunda hilo kwa jina.

La pili ni balungi na pomelo, ambazo Malaysia, hasa upande wa Ipoh, ni fahari yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Canada walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipine, wakakuta kiwango cha dawa kwenye damu kimepanda kupita matarajio. Juisi ilikuwa imezuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa. Baadhi ya dawa za lehemu, kama simvastatin na atorvastatin, zimo kwenye kundi hilo. Kuachanisha saa za dawa na za tunda hakutoshi, kwani athari inaweza kupita siku nzima. Machungwa ya kawaida hayana tatizo hili.

La tatu ni potasiamu. Doriani, fenesi, ndizi na maji ya dafu zina nyingi, na figo zilizochoka hazimudu kuiondoa. Kabla hamjaondoka, mwandikie daktari wake orodha ya haya niliyoyataja pamoja na majina ya dawa, akwambie mama aonje kiasi gani cha kipi. Simkatazi furaha ya safari: mangostini, shokishoki na salak kwa kiasi kidogo pengine ataruhusiwa, lakini neno la mwisho liwe la daktari anayejua vipimo vyake, lisiwe langu.

Kwako wewe, kama una mzio wa mpira wa glavu, jihadhari na parachichi, ndizi na kiwi, na uanze kidogo sana na matunda mengine mageni, kwa kuwa miili ya watu wengi wenye mzio huo huyakataa pia matunda hayo. Tunda jipya, onja moja kwa wakati, kipande kidogo, subiri robo saa. Midomo ikiwasha kidogo, acha. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura. Na ukila pitaya nyekundu, tunda la jamii ya mpungate, kisha chooni ukaona wekundu, usihangaike. Ni rangi yake tu.

Hukuuliza kuhusu kurudi nayo, lakini najua utatamani. Inzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda, na tunda linaloonekana safi laweza kuwa limebeba funza. Inzi mmoja wa aina hiyo kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003, nchini Kenya, na baada ya hapo akasambaa na kuharibu maembe katika nchi nyingi. Ndiyo maana forodha hazina mzaha. New Zealand humtoza papo hapo dola 400 za huko asiyetamka tunda alilobeba. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 14 Desemba 2019, hauruhusu abiria kuingia na matunda bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani, ingawa sidhani kama shirika lolote la ndege litakushukuru kwa hilo la mwisho. Popote unapotua, tamka kila kitu kwenye fomu. Tunda likichukuliwa, umepoteza tunda tu.

Mbegu nazo zina sheria hizohizo, na kwa mangostini, doriani na shokishoki kuna jambo la ziada: mbegu zao zikikauka zinakufa, kwa hiyo ile uliyoianika dirishani hotelini kwa wiki moja haitaota. Anayetaka kuotesha aombe kibali cha kuingiza mimea kabla ya safari, na anunue mche wenye cheti kutoka kitalu kinachotambuliwa.